Ziara ya utamaduni pwani ya Kilwa: mgeni anaonyeshwa nini, na kipi kinabaki ndani

Msikilizaji wetu, baada ya kipindi cha wiki iliyopita tumepokea ujumbe mwingi, hasa kutoka Pande na vijiji vya jirani, na wengi wanauliza jambo moja. Wanaona boti za wageni zikipita kwenda Songo Mnara, wageni wanapiga picha za magofu, wanarudi Masoko, basi. Mbona hawashuki kijijini? Na wakishuka, tutawaonyesha nini sisi ambao hatuna gofu?

Swali ni zuri na jibu lake ni refu kuliko dakika kumi za hewani. Ndiyo maana tumeliandika hapa, ulisome kwenye simu yako kwa nafasi.

Ziara ya utamaduni ni safari ambayo mgeni anakuja kuona namna watu wanavyoishi: wanavyounda vyombo, wanavyosuka, wanavyopika, wanavyocheza ngoma, wanavyosimulia mambo ya wazee wao. Kwa hapa nchini mpango wa utalii wa kitamaduni ulianzia mikoa ya kaskazini katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV na Bodi ya Utalii Tanzania. Wazo lake lilikuwa kwamba hela ya mgeni isiishie kwenye hoteli na kampuni za magari tu, bali imfikie mwenye kijiji. Kaskazini wametangulia kwa sababu wana mlima na mbuga. Sisi tuna bahari, na tuna historia ambayo wao hawana.

Tuanze na magofu, kwa sababu ndiyo yanayomleta mgeni

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliandikwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 viliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa inakula ufukwe na miti ilikuwa inapasua kuta. Kazi ya kukarabati ikafanyika, wananchi wa visiwani wakiwa mafundi na vibarua, na mwaka 2014 vikatolewa kwenye orodha hiyo. Watu wengi hawajui kwamba tulikaa miaka 10 kwenye orodha ya wagonjwa.

Ukivuka kutoka Masoko, mwendo mfupi tu kwa boti, kitu cha kwanza unachokiona ni Gereza. Ngome hiyo waliianzisha Wareno mwaka 1505 walipouteka mji, na ile iliyosimama leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Oman waliyoijenga upya baadaye. Jina lisikudanganye. Neno gereza limetoka kwa Wareno, kwao lilikuwa na maana ya kanisa, likaja kuwa jina la ngome, na sasa ni mahali pa kufungia watu.

Nyuma yake kuna Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, na ile ya kusini yenye kuba iliongezwa Kilwa ilipokuwa tajiri kwa dhahabu iliyopitia Sofala, huko Msumbiji. Mbele zaidi, juu ya jabali linalotazama bahari, kuna Husuni Kubwa, kasri la Sultan al-Hasan bin Sulaiman lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Sultan huyu ndiye aliyempokea Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, mwaka 1331. Ibn Battuta aliandika kwamba Kilwa ni katika miji mizuri kabisa. Akaandika pia kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemkuta Sultan njiani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultan akaingia ndani, akavua, akavaa nyingine, na zile akampa.

Kisa hicho mimi hukipenda kwa sababu kinafanana na simulizi nyingine ya Kilwa ambayo wengi wenu mmeisikia kwa mabibi. Kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Alikuja Mshirazi kwa jahazi, akamkuta mwenyeji, ambaye simulizi zinamtaja kwa jina la Mrimba. Mrimba akataka nguo za kukizunguka kisiwa kizima. Zikatandazwa, akazichukua, akahamia bara, na binti yake akaolewa na mgeni.

Je, ni kweli? Wataalamu wamebishana miaka mingi. Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Mwingereza Neville Chittick aliyechimba Kilwa kuanzia miaka ya 1950 mwishoni, wamekuta kwamba watu waliishi kisiwani kabla ya enzi ya masultani. Kisha mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba kutoka mifupa ya makaburi ya zamani ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Ulionyesha kwamba kwa upande wa kina mama, asili ya watu hao ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na kwa upande wa kina baba wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, mchanganyiko ulioanza kama miaka 1000 iliyopita. Kwa lugha nyepesi: binti wa Mrimba si hadithi tupu. Hesabu ya nguo za kuzunguka kisiwa, hiyo tuwaachie wasimulizi.

Songo Mnara, jirani wa watu wa Pande, ni mji wa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Nyumba zake za mawe bado unaweza kutembea chumba hadi chumba, ukaona baraza, ukaona vidaka vya ukutani. Ukiangalia vizuri kwenye plasta za magofu haya, utakuta michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Mtu fulani miaka mingi iliyopita alisimama pale akachora chombo, labda anachokingoja, labda alichokiunda.

Na hapo ndipo ziara inapotakiwa kutoka kwenye magofu na kuingia kijijini. Maana mtu anayeunda chombo kama kile bado yupo.

Fundi wa vyombo

Nenda ufukwe wowote kati ya Somanga na Mchinga utasikia tezo. Fundi hana karatasi ya mchoro. Anaanza na mkuku, anasimamisha fashini za mbele na nyuma, anapandisha mbao, anaingiza mataruma, na vipimo vyote viko kichwani na mkononi. Akimaliza anaziba nafasi za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, ndiyo kalafati, na chini anapaka mchanganyiko wa chokaa na shahamu ili minyoo ya bahari isile ubao. Zamani kulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Huo umekwisha, haupo tena. Mashua, dau, ngalawa na jahazi bado.

Siku ya kushua ni siku ya watu wote. Dua inasomwa, chakula kinapikwa, kamba zinafungwa, wimbo unaanzishwa na mmoja, wengine wanaitikia huku wanavuta. Wimbo ule kazi yake si kufurahisha. Bila mapigo yake watu hamsini hawawezi kuvuta kwa pamoja. Mgeni akipewa kamba avute naye, atakumbuka siku ile kuliko kasri lote la Husuni.

Tatizo ni mbao. Miti mikubwa ya kuundia vyombo iko mbali siku hizi, kibali cha kuvuna kina gharama, na boti za plastiki zinaingia sokoni. Fundi mmoja niliyekaa naye chini ya mkungu wake wa kazi alisema anapata oda ya kurekebisha zaidi kuliko ya kuunda. Watoto wake wanaendesha bodaboda. Hakusema kwa uchungu, alisema tu kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mgeni akija mara mbili kwa mwezi hawezi kumrudishia oda zake. Lakini akimlipa kwa muda wake wa kuelezea, na kijana mmoja akakaa kama mtafsiri, yule kijana atajifunza majina ya mbao hata kama hakukusudia.

Tanuri, ukili na uduvi

Chokaa iliyojenga Kilwa ilichomwa hivi: magogo yanapangwa duara, juu yake matumbawe, moto unawashwa, asubuhi yake jiwe limekuwa unga mweupe likimwagiwa maji. Mafundi wa ukarabati walirudi kwenye njia hii ya zamani, kwa sababu saruji ya dukani ni ngumu mno kwa ukuta wa matumbawe, inaubana mpaka unapasuka. Ni jambo zuri kumwonyesha mgeni. Ila tuseme wazi: tumbawe hai la baharini lisiguswe, maana ndilo nyumba ya samaki. Liko jiwe la matumbawe ya kale nchi kavu, hilo ndilo la kuchomea.

Kusuka ni kazi ya kina mama na haina haraka. Ukindu au miyaa inakatwa, inaanikwa, inachanwa, nyingine inachemshwa na rangi, ndipo inasukwa ukili. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha unashonwa kuwa mkeka. Mkeka mmoja mzuri unaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa sababu mama anasuka katikati ya shamba, maji, kuni na mtoto. Mgeni anaponunua kwa bei ya chini akidhani ni majani tu, ni kwa sababu hakuna aliyemweleza hesabu hiyo. Mweleze. Mpe ashike ukili, ajaribu kusuka dakika kumi. Akishindwa, bei itaeleweka.

Maji yakipwa wakati wa bamvua, kina mama wanakwenda kutanda uduvi, wawili wawili, nguo imetandazwa kati yao. Siku hizi chandarua imechukua nafasi ya nguo, na chandarua inakusanya hata vifaranga vya samaki. Ukimwonyesha mgeni, onyesha ile ya nguo, na si kwa sababu ya picha tu.

Chakula nacho ni sehemu ya ziara. Wali wa nazi kila mtu anao. Mpikie mgeni bada na mchuzi wa pweza, mchemshie ming'oko. Hivi Zanzibar hatavipata kirahisi, na ming'oko ukimweleza kwamba inachimbwa porini, haipandwi, atakuuliza maswali mpaka jua lizame.

Ngoma, jando na unyago

Hapa ndipo penye mjadala, na ujumbe mwingi mliotutumia ulikuwa juu ya hili.

Kila kabila la kusini huku, Wamatumbi, Wamachinga, Wamwera, Wangindo, Wamakonde, lina ngoma zake, na pwani kuna maulidi na zikri. Nyingine ni za furaha ya wazi: harusi, mavuno, kupokea kiongozi. Hizo zichezwe, mgeni atazame, acheze akitaka. Nyingine zina mlango. Unyago una ndani na nje. Ndani wamo wali, kungwi na nyakanga, na yanayofundishwa huko hayasemwi barabarani, hata kwa mwanamke ambaye hajapita. Nje ni siku ya kuwatoa wali, wamevaa nguo mpya, ngoma inapigwa, ndugu wanatunza.

Unyago wetu ulisafiri mbali. Watu wa bara waliopitishwa Kilwa na kupelekwa Zanzibar kama watumwa walikwenda nao, na huko ukaendelea mpaka ukawa sehemu ya pwani nzima. Waliompenda marehemu Bi Kidude wanajua kwamba pamoja na taarabu alikuwa kungwi na mpigaji wa ngoma za unyago. Watu waliponyang'anywa kila kitu, hiki walibaki nacho. Si kitu cha kuuza kwa picha.

Yupo anayesema: mgeni analipa vizuri, tufunge chumba, tuwavike wasichana wawili, tuwaigizie. Kwa maoni yangu hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, wale ni watoto, na picha ya mtoto ikishaingia kwenye mtandao hairudi. Pili, mkishazoea kuigiza, siku ya kweli nayo itaanza kufanana na maigizo. Lakini wapo pia wanawake wazima walionieleza kwamba kungwi akikaa na wageni wa kike akazungumza kwa jumla, kwamba unyago unafundisha usafi, heshima na kujitunza, hakuna siri iliyotoka. Hiyo naona ni sawa, mradi kungwi mwenyewe ndiye amekubali na ndiye anayelipwa. Asiamuliwe na mjumbe wa kamati ambaye hajawahi hata kusimama mlangoni.

Vivyo hivyo kwa makaburi na mahali pa matambiko. Mgeni akiona vipande vya nguo, ubani au sarafu, aambiwe asiguse. Wataalamu waliochimba Songo Mnara wamekuta dalili kwamba watu waliweka vitu kwenye makaburi tangu mji ule ulipokuwa hai. Desturi hiyo ina umri kuliko mti wowote tunaoujua.

Kivinje na habari ngumu

Ziara nyingi zinakwepa Kilwa Kivinje, au zinaipitia kwa milango ya nakshi tu. Isikwepwe. Karne ya 19 Kivinje ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa, na maelfu ya watu walipakiwa majahazini pale, mpaka masoko ya watumwa yalipofungwa kwa mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza mwaka 1873. Kisha wakaja Wajerumani. Hassan bin Omari Makunganya aliyewapinga alinyongwa Kivinje mwaka 1895, na mahali pale pakaitwa Mwembe Kinyonga. Hospitali ya wilaya ina jina hilohilo la Kinyonga. Miaka 10 baadaye, Julai 1905, watu wa Nandete kwenye vilima vya Umatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza.

Anayesimulia haya kwa mgeni awe amejifunza. Nimewahi kusikia mwongoza wageni mmoja akichanganya Makunganya na Kinjikitile mbele ya watu kumi. Kinjikitile Ngwale alikuwa wa Ngarambe, na alinyongwa mwaka 1905. Ni watu wawili tofauti.

Hela inakwenda wapi?

Kwenda visiwani mgeni anahitaji kibali, na kibali kinapatikana Masoko. Hiyo ni hela ya Serikali. Ya kijiji ni nyingine, na inategemea mlivyojipanga kabla boti haijafika.

Nilivyoona kwingine, mambo yanaharibika sehemu moja: mtu mmoja anapokea fungu lote "kwa niaba ya kijiji". Fundi hajui kiasi gani kimelipwa, wapiga ngoma wanapewa soda, na mara ya tatu hawaji. Njia iliyo salama zaidi ni kupanga bei kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuibandika ukutani ofisini. Mwenye kazi alipwe mkononi siku ileile, na mchango wa kijiji uende kwenye akaunti kwa stakabadhi. Ofisi ya utamaduni ya wilaya iulizwe mapema, si baada ya ugomvi. Na kikundi cha kina mama wasukaji kiwe na mtu wake kwenye kamati, mwenye sauti, si wa kuandaa chai.

Jambo la sheria ambalo vijana wengi hawalijui: kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kinalindwa. Sarafu ya shaba uliyoiokota ufukweni, kigae cha sahani ya Kichina, ushanga, usimuuzie mgeni, na mgeni asiondoke navyo. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanaumiza kichwa zilifikaje huko. Zingeishia kwenye mfuko wa mtu, tusingekuwa na hata swali. Kadhalika mawe ya gofu si mawe ya kujengea choo.

Kwa anayetaka kuja

Kutoka Dar es Salaam unashuka Nangurukuru au unaendelea na basi mpaka Masoko. Miezi mizuri ni ya kusi kuanzia Juni hadi Septemba kwa ukavu wa barabara, ingawa bahari huwa na mawimbi. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu zaidi lakini jua ni kali. Masika usijaribu njia za vijijini.

Vaa nguo ya heshima, kina mama wawe na khanga ya kujifunga. Salimia kwanza, picha baadaye, na uombe. Wakati wa Ramadhani usile hadharani.

Na kwa Songo Mnara, muulize nahodha habari za maji kabla hujalipa. Yakiwa yamepwa utashuka mbali, utatembea kwenye tope katikati ya mikoko mpaka magotini, na viatu utavibeba mkononi. Yakijaa, boti inakufikisha karibu. Nahodha wa Pande anajua saa yenyewe bila kutazama simu.